Senti Nyekundu za Mwanda

Watu wa Voi waliomfahamu Mkamburi walimfahamu kwa mahamri. Hoteli yake ilikuwa karibu na stesheni ya reli, chumba kimoja cha mabati chenye baraza, na abiria walioshuka kwenye treni ya asubuhi walikwenda pale moja kwa moja kabla hata ya kuulizia ndugu zao. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Hakugombana na mtu. Mteja akiondoka bila kulipa hakumfuata, ila siku mteja huyo aliporudi, hata kama ni baada ya mwaka, alimkuta Mkamburi amesimama mlangoni, naye akamwambia kwa upole kwamba chai imekwisha.

Alizaliwa Mwanda, juu milimani, ambako ukungu hushuka mchana kweupe na majembe hushika kutu yakiwa yameegemezwa ukutani. Baba yake, Obadiah, alifanya kazi ya kukata mkonge kwenye shamba moja la Wazungu huko chini tambarare kabla ya vita vya pili. Mwaka mmoja, siku ya mshahara, karani alimpa bunda la senti kumi kumi zilizofungwa kwa karatasi kama mshumaa. Zile zilikuwa senti za Afrika Mashariki, zenye tundu katikati, ambazo watu walizitunga kwenye kamba. Obadiah alipolipasua bunda lake pembeni aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Senti alizozizoea zilikuwa na rangi ya udongo, zimelainishwa na vidole vya watu wengi. Hizi zilikuwa nyekundu kama kaa la moto lililopulizwa.

Hakuzitumia. Alipanda nazo hadi Mwanda, na mkewe Priscilla alipouliza kwa nini wanakunywa uji usio na sukari na pesa ziko ndani, alimjibu kwamba pesa nyingine ni za kula, na hizi ni za kutazama. Kwa kuwa alikuwa na mizinga ya nyuki na aliujua ukungu wa kwao, aliyeyusha nta, akazichovya senti zile moja moja, akazifunga kwenye kitambaa na kuziweka kwenye kibuyu juu ya dari, mahali pakavu pa moshi. Mkamburi alikumbuka jinsi siku ya Krismasi baba yake alivyoteremsha moja, akaipasha joto kiganjani na kuipangusa nta kwa pamba, kisha watoto wakapangwa mstari kuitazama. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa uso. Baadaye iliingia tena kwenye nta.

Obadiah alikufa mwaka ule wa kwanza wa uhuru. Priscilla akabaki na shamba la migomba, mbuzi wachache, na kibuyu. Mkamburi alikuwa ameshaolewa Voi, na alipoachika hakurudi nyumbani. Alipangisha kile chumba cha stesheni akaanza kukaanga mahamri.

Mwisho wa miaka ya sitini serikali iliziondoa pesa za zamani. Watu waliambiwa wazipeleke benki wabadilishiwe, na siku zilizowekwa zikapita. Wengi milimani hawakwenda. Safari ilikuwa ndefu na senti zenyewe chache. Wakazitunga kwenye nyuzi, wakawafungia watoto shingoni, wakazisahau. Ndipo Josephat alipomtembelea Priscilla.

Josephat alikuwa mtoto wa kaka yake Priscilla, kijana mtanashati aliyekuwa akiuza ngozi na vinyago kwa watalii wanaokwenda Tsavo. Alilelewa nusu ya utoto wake jikoni kwa shangazi yake huyu. Alikifahamu kibuyu. Na kwa kuwa alizungumza na Wazungu kila siku, alishasikia kwamba kuna watu ng'ambo wanaotafuta senti za mwaka ule mmoja, mwaka wa mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti kabla ya kuvishwa taji. Sarafu za jina lake zilitengenezwa kwa muda mfupi tu. Senti za Obadiah zilikuwa na jina hilo.

Angeweza kuomba. Mkamburi alisema hivyo maisha yake yote: angeomba, mama angempa, na hata asingeuliza za nini. Lakini mtu akiomba hubaki na deni la shukrani, na Josephat hakutaka deni. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai, akamuuliza shangazi yake kwa sauti ya mtu mwenye wasiwasi kama bado anazo zile senti za mfalme. Priscilla akasema anazo. Josephat akashika kichwa.

"Shangazi," akamwambia, "pesa zile zimekufa, na anayekutwa na maiti huulizwa ameua nani. Askari wanapita nyumba kwa nyumba. Kule Wundanyi wameshachukua watu."

Priscilla hakujua kusoma. Alimwamini mtoto aliyemlisha. Akamsihi azitoe zile senti nyumbani mwake usiku uleule, na Josephat, kama anayejitoa mhanga, akakubali kuzibeba akazitupe mtoni. Juma lililofuata alimletea blanketi na sukari, akamwonya asimwambie mtu, hata Mkamburi, kwa maana kesi ya namna hiyo haiozi.

Hofu ile haikutoka tena. Priscilla alianza kuogopa nguo ya kaki. Bwana shamba akija kukagua kahawa, alijificha migombani. Karani wa misheni akipita na baiskeli, alizima moto ili moshi usionekane. Majirani walidhani uzee umemwingia kichwani. Mkamburi alipopanda kumtembelea alimkuta amekonda, na alipouliza, mama yake alimwambia tu kwamba kuna watu wanaotafuta watu. Josephat aliambiwa habari hizi. Kuna mtu wa Mwanda aliyekuwepo baa moja ya Voi siku Josephat alipozisimulia, na mtu huyo alisema Josephat alicheka mpaka akaweka chupa chini.

Kisha wakaja wapimaji wa ardhi. Serikali ilikuwa inagawa mipaka na kuandikisha mashamba, na kila mwenye shamba alitakiwa asimame kwenye mpaka wake. Walikuja na fito, kamba, na askari wawili wa chifu. Priscilla aliwaona wakipanda kijia kuelekea kwake. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akaingia msituni bila kanga ya pili, na mvua ya milimani ikamkuta huko. Walimpata kesho yake amekaa chini ya mwamba, meno yakigongana. Kifua kilimbana. Mkamburi alifika na basi la jioni akamuuguza mwenyewe, na ni katika homa hiyo ndipo mama alipomwambia yote: kibuyu, askari, Josephat, mto. Alimwomba binti yake aende kuwaambia polisi kwamba zilitupwa zamani.

"Nimewaambia, Mama," Mkamburi akamjibu. "Wamesema hawana kesi na wewe."

Priscilla alilala. Hakuona Jumapili.

Kwenye mazishi Josephat alilia kwa sauti na akatoa ng'ombe. Mkamburi alimtazama upande wa pili wa kaburi. Alijua kuwa mama yake alidanganywa, lakini hakujua kwa sababu gani. Ni nani anayemtisha mwanamke mzee hadi kufa kwa ajili ya kuzitupa mtoni senti zisizonunua hata kiberiti? Swali hilo alirudi nalo Voi, akakaanga mahamri juu yake miaka kadhaa.

Jibu alipewa na Mzee Kimeu. Huyu alikuwa Mkamba, karani mstaafu wa reli, mjane, aliyekula kwake kila asubuhi na kukaa baada ya chai akipanga sarafu zake mezani juu ya kitambaa. Alizikusanya tangu ujana, sarafu za Wajerumani wa Tanganyika, za Sultani wa Unguja, za malkia na wafalme. Watu walimwona kama mzee aliyepungukiwa kidogo. Siku moja alimuuliza Mkamburi, kwa kuwa ni mtu wa milimani, kama kwao kuna watu waliokuwa wanahifadhi senti kwenye nta. Alisema alikuwa Nairobi, kwa mnunuzi mmoja, akaonyeshwa senti kumi za yule mfalme aliyeacha kiti. Zilikuwa nyekundu kabisa, na kwenye herufi kulikuwa bado na nta kidogo ya nyuki. Katika maisha yake yote hajaona shaba ya umri ule ikiwa katika hali ile. Mnunuzi alimwambia zimetoka kwa kijana wa duka la vinyago la Voi, na kwamba kijana huyo amebakiza nyingine nzuri zaidi, anasubiri bei ipande.

Mkamburi aliweka birika chini. Alikwenda nyuma ya hoteli, akapasua kuni za siku mbili. Hakulia. Aliporudi alimwomba Mzee Kimeu amfundishe mambo ya sarafu.

Mzee alifurahi kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kumwomba. Kila alasiri hoteli ikipungua watu alimkalisha karibu na dirisha, maana alisema rangi ya shaba haisomwi kwa taa, inasomwa kwa mwanga wa jua usio mkali. Alimfundisha kushika sarafu kwa ukingo, kama mtu anayeshika yai bichi lililopasuka. Alimfundisha kwamba kuna maswali mawili, na wajinga huyachanganya. La kwanza ni uchakavu: je, imepita mikononi mwa watu? Hapo unatazama sehemu zilizoinuka, taji, pembe za herufi, kama zimeanza kuwa bapa. Kuna iliyochakaa hata mwaka hausomeki, kuna iliyotumika kidogo, na kuna ambayo haijatumika kamwe. La pili ni rangi, nalo lina majibu matatu. Nyekundu ni ile ambayo karibu uso wote una rangi iliyotoka nayo kiwandani. Kahawia ni ile ambayo wekundu umekwisha. Katikati ni nyekundu-kahawia, iliyoanza safari lakini haijafika.

"Sasa sikiliza," alisema Mzee Kimeu. "Sarafu inaweza isiguswe na mtu hata mmoja na bado ikawa kahawia. Hewa tu inatosha, na jasho ni baya zaidi. Shaba inakwenda upande mmoja, kama sisi. Ikishatoka kwenye wekundu hairudi."

Mkamburi akauliza kama haiwezi kusuguliwa.

Mzee alicheka kwa uchungu. Akatoa kwenye bahasha sarafu yake ya kwanza ya ujana, ambayo aliing'arisha kwa dawa ya vifungo vya sare ya reli. Iling'aa. Lakini alipoiinamisha dirishani, mwanga uliganda mahali pamoja. Akachukua nyingine, isiyooshwa, akaiinamisha vilevile, na mwanga ukazunguka usoni mwake kama maji kwenye sahani. Ile ndiyo roho ya kiwandani, alisema, na ukiiosha unaichubua. Sarafu iliyooshwa huwa na wekundu wa ufizi. Mtu asiyejua ataipenda. Anayejua hataitaka hata bure, afadhali kahawia ya kweli, hata iliyochakaa.

Mkamburi aliishika ile sarafu iliyoharibiwa muda mrefu kuliko zote alizoonyeshwa.

Hakufanya haraka. Alikwenda kwenye duka la Josephat kama ndugu anavyokwenda, akasalimia, akaulizia watoto. Serikali ilikuwa imepiga marufuku biashara ya ngozi na pembe, na duka lililokuwa limejaa vichwa vya wanyama sasa lilikuwa na vinyago, vikapu, na kando ya kaunta sanduku la kioo. Ndani ya sanduku, juu ya kitambaa cheusi, zilikuwa senti za baba yake. Josephat alizitoa nta na kuziacha wazi. Nyingi zilikuwa bado nyekundu, ila mbili tatu zilianza kufifia ukingoni, kwa kuwa Josephat aliwaruhusu wateja kuzishika. Alimweleza Mkamburi kwamba ni mali adimu. Alikuwa amemwahidi mnunuzi Mjerumani ambaye huja na watalii kila mwaka wakati wa baridi, na akishauza atanunua gari la mizigo. Mji mzima ulishajua. Mkamburi alimwambia Mungu ambariki, akatoka.

Alipanda Mwanda na kukusanya kwa wanawake senti zao za zamani, zile za shingoni mwa watoto na zilizolala kwenye vikapu. Zote zilikuwa kahawia, zimechakaa, hazina maana kwa mkusanyaji yeyote. Akaziosha kwa ndimu na chumvi, akazisugua kwa jivu laini, akazitunga na shanga. Mikufu ilining'inia barazani kwake, ikiwaka jua likiipiga. Mabasi ya watalii yalisimama jirani kutia mafuta, na mabibi wa Kizungu walishuka wakainunua. Hakumwongopea mtu. Aliyeuliza aliambiwa ni senti za zamani zilizooshwa, pambo tu.

Josephat aliona watalii wakipita mbele ya kioo chake na kwenda kwenye baraza la mahamri. Aliona wekundu wa zile senti. Alirudi dukani akatazama zake, na kwa mara ya kwanza zikaonekana machoni pake zimepauka. Yeye hakujua kwa nini mnunuzi wa Nairobi alizipenda zile za kwanza. Alijua tu kwamba aliyezitazama alisema, "Nyekundu, nyekundu kabisa," na kwamba mbili alizopeleka baadaye, zilizofifia ukingoni, zilikataliwa. Kwa akili yake, wekundu ndiyo bei. Na wekundu ulikuwa unamtoka kila siku.

Kwanza alimtuma mkewe Alice aulize kwa mzaha. Mkamburi akasema ni siri ya kazi. Akaja mwenyewe, akala mahamri, akasifu. Mkamburi akampa chai na hakumpa neno. Hivyo ndivyo alivyomvuta, kwa kumnyima, mpaka miezi ya baridi ilipokaribia na Josephat akaja mchana mmoja na kilo za sukari na kanga mpya, akaomba wakae pembeni.

Mkamburi aliwahi kusema kwamba siku hiyo alimpa mlango. Alitaka kuona kama ataupita.

"Kaka Josephat," akamuuliza, "zile zako ulizitoa wapi?"

"Nilinunua kwa Mhindi mmoja wa Taveta, zamani."

"Nilidhani labda milimani. Baba alikuwa nazo kama zile."

"Mzee Obadiah? Sikuwahi kuziona." Josephat alikoroga chai. "Shangazi angezitumia zote kwa sukari. Na mwisho ule, maskini, alikuwa akimkimbia hata bwana posta. Unakumbuka?" Akatabasamu, kama mtu anayekumbuka kituko cha nyumbani.

"Nakumbuka," akasema Mkamburi.

Akamwambia. Ndimu mbili kwa bakuli, chumvi ya kujaza kiganja, uziache mpaka uone zimegeuka, kisha jivu la mkaa lililochekechwa, na usugue kwa kitambaa bila huruma mpaka zing'ae. Josephat akauliza kama haziwezi kudhurika. Mkamburi akanyoosha mkono kwenye mikufu barazani na kumwambia ajionee. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Alimsindikiza mpaka njiani, na jioni hiyo, Mzee Kimeu alipokuja, alimkuta akiimba wimbo wa kanisani huku akikanda unga, jambo ambalo hakulizoea.

Mjerumani alifika na msafara wa magari ya Tsavo. Mkamburi alisikia, akavua aproni, akaenda kusimama mlangoni pa duka pamoja na watu wengine, maana Josephat alikuwa amewaalika wenzake washuhudie. Alice alileta soda. Josephat alivuta kitambaa juu ya sanduku la kioo kwa mbwembwe.

Senti ziliwaka. Watu wakaguna kwa kuzipenda. Mjerumani alitoa lenzi, akachukua moja kwa ukingo, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango. Akaiinamisha tena. Akairudisha, akachukua ya pili, ya tatu, kila moja kwa muda mfupi kuliko iliyotangulia. Alipofika ya mwisho hakuinua hata lenzi. Aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, nani ameziosha. Josephat alisema ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake, ili zipendeze. Yule Mzungu aliirudisha lenzi mfukoni. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Alisema mwaka uliopita zilikuwa nzuri kuliko zote alizoziona Afrika, na sasa hazifai. Akatoa mfukoni senti ya kawaida, kahawia, iliyolika, akasema hii ataipeleka kwao, zile hapana. Akalipia soda yake, akatoka.

Waalikwa walitawanyika mmoja mmoja bila kuaga, kama watu wanavyotoka kwenye nyumba ambayo bwana na bibi wameanza kugombana. Josephat alibaki ameshika kaunta. Alipoinua uso alimwona Mkamburi bado yuko mlangoni.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mkamburi, mimi ni damu yako. Nimekukosea nini?"

Mkamburi aliingia ndani, akasimama mbele yake, na sauti yake haikupanda.

"Mama alikufa na mvua kifuani akiwakimbia askari uliowatuma wewe kwa mdomo wako. Alikulisha, Josephat. Ungemwomba angekupa. Siku ile ya chai nilikuuliza, nikakungoja useme. Ukacheka."

Josephat alianza kusema kwamba hakujua kama hofu ya shangazi ingefika mbali vile, kwamba alikuwa kijana, kwamba ilikuwa njia tu ya kumnyamazisha. Mkamburi hakungoja. Alikuwa na unga umeumuka hotelini.

Kulikuwa na kikao cha ukoo Mwanda, nyumbani kwa kaka yake Priscilla, kwa sababu Josephat alishtaki kwamba ameharibiwa mali. Mkamburi alipanda, akasimulia tangu kibuyu hadi ndimu, bila kuacha kitu. Wazee walimgeukia Josephat. Baba yake mwenyewe hakuweza kumtazama. Josephat aliamriwa achinje mbuzi kumtuliza marehemu na aombe radhi mbele ya wote, na akafanya yote mawili. Nyama ilipogawanywa na sehemu ya Mkamburi ikaletwa, alisema hana njaa. Mama mmoja alimnong'oneza kwamba asipokula, jambo halijaisha. Alijibu kwamba analijua hilo.

Aliyemuumiza kweli alikuwa Mzee Kimeu. Alipata habari mjini, akaja hotelini akiwa amevaa kofia yake ya reli kama anayekwenda kazini, hakukaa. Alimuuliza kama ni kweli. Mkamburi akasema ni kweli, na kwamba alimshukuru kwa mafundisho.

"Mimi nilikufundisha kuzitunza," Mzee alisema. "Zile zilikuwa za baba yako. Zilipita vita, zikapita wafalme wawili na malkia, zikafika kwako nyekundu. Zingerudi mikononi mwako kwa haki, kwa kikao hikihiki."

"Labda," Mkamburi akamjibu. "Na yeye angebaki anacheka."

Mzee Kimeu hakunywa tena chai pale. Alihamia hoteli ya upande wa pili wa reli, ambako chai ilikuwa nyepesi na kila mtu alijua. Mkamburi aliweka kiti chake dirishani miezi mingi, na mteja akitaka kukikalia alimwonyesha kingine. Hili ndilo peke yake lililowahi kumfanya anyamaze alipokuwa akisimulia. Lakini aliyemuuliza kama anajutia zile senti alijibiwa haraka: baba yake alizipenda, ndiyo, ila alimpenda zaidi mwanamke aliyemkalisha kwenye uji usio na sukari.

Duka la vinyago lilidumu mwaka mmoja, halafu milango ikafungwa. Sehemu ya sababu ilikuwa biashara mbaya baada ya marufuku, na sehemu ilikuwa mdomo wa mji. Mtu akitaja Josephat, mwingine alitaja ndimu, na mkopeshaji hampi mtu anayechekwa. Alirudi milimani kulima nyanya na kabichi. Alice alifuatana naye, na watu walisema alikuwa mke mwema kuliko alivyostahili.

Katikati ya miaka ya themanini, mwaka wa mvua nzuri, wakulima wa Mwanda walishusha mboga Voi kila siku ya soko. Josephat alikuwa mmoja wao, mvi zimemjaa, ametandaza gunia lake pembeni mwa soko. Mkamburi alihitaji nyanya nyingi kwa hoteli, ambayo sasa ilikuwa na vyumba viwili na wasichana wa kazi. Alipita mstari wote, akasimama mbele yake. Josephat akamwamkia kwa Kidawida, lugha ya kwao, kama ndugu, na Mkamburi akaitikia vizuri, akaulizia Alice na watoto. Nyanya zake zilikuwa kubwa, zimeiva, na Josephat alitaja bei ya chini, kisha, kabla hajaulizwa, akaishusha tena.

Mkamburi aliziinamia, akazitazama. Akamwambia ni nzuri sana. Halafu akasogea hatua moja hadi kwa mama aliyekaa jirani yake, ambaye nyanya zake zilikuwa ndogo na ghali, akanunua tenga zima, na akaomba limbebwe mbele ya Josephat.